Ndege wa Uani Katika Majira ya Baridi

Mimi nilifundishwa kuwachukia ndege kabla sijafundishwa kusoma. Nilizaliwa mwaka 1950 katika kijiji kisicho mbali na Kongwa, nchi ya Wagogo, na kazi ya kwanza niliyokabidhiwa maishani ilikuwa kuamia. Uwele na mtama vinapoanza kukomaa, kweleakwelea hushuka kama wingu, na nyumba isiyo na mtoto wa kukaa dunguni huweza kulala njaa mwaka ule. Nilikaa dunguni tangu alfajiri hadi magharibi, mkononi nina teo, kando yangu debe bovu la kugonga. Ndege kwangu alikuwa mwizi. Kama alikuwa na rangi nzuri, basi alikuwa mwizi mwenye rangi nzuri.

Nayasema haya mwanzoni ili msomaji aelewe mshangao ulionipata baadaye, nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye mke na watoto watatu, nilipomwona bibi wa Kiingereza akivaa koti na viatu vya mpira, akitoka nje kwenye theluji asubuhi kabla hajanywa chai yake, ili awapelekee ndege karanga.

Ilikuwa Desemba 1981. Nilikuwa nimepelekwa Uingereza mwezi Septemba kwa masomo ya mwaka mmoja ya ukufunzi, nikapangishiwa chumba kwa mjane mmoja katika mji wa katikati ya nchi ile. Nyuma ya nyumba palikuwa na ua mdogo, hauzidi upana wa darasa: kipande cha majani, mti mmoja wa tufaha usio na jani hata moja, kibanda cha kuwekea gari, na ukuta wa matofali. Kwenye mti ule bibi alitundika mfuko wa wavu mwekundu uliojaa karanga, na juu ya meza ya ubao akaweka makombo ya mkate na mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa pamoja na nafaka.

Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni, lakini moyoni nilikereka. Kwetu tulikuwa tumetoka juzi tu katika vita vya Kagera. Sukari, sabuni na unga vilikuwa vitu vya kupangia foleni. Tena karanga! Baba yangu alikuwa mmoja wa vibarua walioajiriwa kung'oa vichaka na mibuyu Kongwa, katika ule mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia baada ya vita. Matrekta yaliharibika, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baba alibaki na sufuria moja ya jeshi na maumivu ya mgongo. Na sasa, miaka 30 baadaye, nimeziona karanga huko huko Uingereza, na anayezila ni ndege.

Nikamwandikia mke wangu barua ya malalamiko. Jibu lake lilichukua wiki tatu kunifikia. Aliandika, "Baba Neema, waulize hao ndege kama wana nafasi ya mgeni mmoja na watoto watatu." Nilicheka peke yangu chumbani hadi bibi akagonga mlango kuuliza kama ni mzima.

Nilimtafsiria. Hakucheka sana. Alikaa kitini akaniambia kwamba yeye pia aliijua foleni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa kosa la kisheria nchini mwao kuwapa ndege chakula kinachofaa kuliwa na binadamu, na wapo waliofikishwa mahakamani na kutozwa faini kwa kuwatupia mkate. Mama yake alikuwa akiwawekea makombo yasiyolika, basi, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuwatazama wakifa. "Ukiwa na kidogo," alisema, "ndipo unapowaona."

Sikuyaelewa maneno yale hadi Januari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 1982, katika mji wa Newport wilayani Shropshire, si mbali na tulipokuwa, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 26.1 chini ya sifuri. Mpaka leo hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa rasmi katika England. Mabomba ya maji yaliganda. Chuo kilifungwa kwa siku kadhaa, nami nikawa sina pa kwenda, isipokuwa dirisha la jikoni lililotazama uani.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama ndege kwa mara ya kwanza bila teo mkononi.

Alikuwapo robini, ndege mdogo wa kahawia mwenye kifua cha rangi ya kutu, ambaye Waingereza humchora kwenye kadi zao za Krismasi. Alikuwapo mweusi tititi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, akifukua majani makavu chini ya ukuta. Walikuwapo shomoro, na kwezi wa Ulaya waliokuja kwa kundi na kugombana kama abiria wa basi la mwisho. Na alikuwapo mmoja mdogo mno, kichwa buluu na tumbo la njano, aliyening'inia kwenye wavu wa karanga kichwa chini miguu juu. Bibi aliniambia uzito wake ni kama gramu 11. Ndege wa gramu 11, katika usiku wa saa 16 wenye baridi ya namna ile! Kilichomfikisha asubuhi ni mafuta aliyoyahifadhi mwilini mchana uliotangulia, na manyoya anayoyatuna ili hewa ya joto ikae katikati yake. Kufikia alfajiri akiba yote huwa imekwisha. Mchana una saa nane tu za kuijaza upya. Asiposhiba leo, kesho hayupo.

Basi karanga zile hazikuwa anasa hata kidogo. Zilikuwa uhai kwa siku moja, halafu siku nyingine.

Nilipouliza desturi hii ilianza lini, niligundua kwamba si ya kale kama nilivyodhani. Watu wenye huruma wamewalisha ndege tangu zamani, lakini ilikuwa katika baridi kali ya mwaka 1890 kuingia 1891 ambapo magazeti ya Uingereza yaliwahimiza watu wote waweke makombo nje, na watu wakaitika. Kizazi kimoja kabla ya hapo, ndege wa majira ya baridi alikuwa windo la mitego na bunduki. Halafu ukaja mwaka 1963. Theluji iliyoanguka siku iliyofuata Krismasi ya 1962 ilikaa ardhini sehemu nyingi hadi Machi, na ndege wadogo wakafa kwa wingi usioelezeka. Aliyeumia zaidi ni reni, ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia ulioinuka, anayekula wadudu na kwa hiyo hana la kufanya barafu inapofunga kila kitu. Ndege huyu mwenye ugomvi na jirani zake mwaka mzima, baridi ikizidi husahau ugomvi. Mwaka 1969 huko Norfolk walihesabiwa reni 61 waliolala usiku katika kisanduku kimoja cha kiota, wamejibana ili wapashane joto.

Mwishoni mwa Januari alikuja mjukuu wa bibi, mtoto wa miaka tisa, akiwa na karatasi na penseli. Alivuta kiti hadi dirishani akaniomba nimsaidie kutazama saa. Tangu mwaka 1979 chama cha ulinzi wa ndege cha nchi ile kilikuwa kimewaomba watoto wakae saa moja wikiendi moja ya Januari na kuhesabu ndege wa uani kwao. Hesabu yenyewe ilikuwa na kanuni: usijumlishe kila ndege anayetua, maana shomoro mmoja anaweza kuja mara kumi. Kwa kila aina, andika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa wakati mmoja.

Msomaji ambaye amewahi kushika chaki ataelewa jinsi moyo wangu ulivyoshtuka. Mimi nilikuwa nimesafiri kilomita maelfu kujifunza mbinu za kufundisha, na hapa, kwenye meza ya jikoni, mtoto wa miaka tisa alikuwa akijifunza jinsi ya kuepuka kosa katika takwimu, bila mwalimu, bila viboko, bila maabara. Kazi ya watoto wale haikupotea. Tangu mwaka 2001 watu wazima nao walikaribishwa, ikawa hesabu ya mamia ya maelfu ya nyumba, na kutokana nayo na nyingine kama hiyo ndipo ilipojulikana wazi kwamba shomoro wa Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1979, na kwezi wamepungua kuliko hao. Hakuna mtaalamu mmoja ambaye angeweza kuingia katika nyua zote zile. Watoto walikuwamo tayari.

Tulipomaliza kuhesabu, mtoto akaniuliza, "Na uani kwenu kuna ndege gani?"

Nikafikiri. Nikasema, "Kuku."

Alicheka, akadhani nafanya mzaha. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye kibanda cha gari, akanionyesha juu ya boriti kikombe cha udongo mkavu kilichobandikwa. Kilikuwa kiota cha mbayuwayu. "Wameondoka Septemba," akasema. "Wako Afrika sasa. Wanafanya nini huko?"

Sikuwa na jibu. Mbayuwayu niliwaona maisha yangu yote, wakipita chini chini juu ya uwanja wa shule baada ya mvua, wakikaa kwenye nyaya za simu, na sikuwahi kujiuliza wametoka wapi. Lakini kilichoniumiza kilikuwa kingine. Swali lile nilikuwa nimeulizwa tayari, na nililifukuza.

Ilikuwa mwaka 1978. Nilikuwa nafundisha jiografia kidato cha pili. Mwezi Machi, saa nne na nusu asubuhi, nimeandika ubaoni viwanda vya bonde la Ruhr: makaa ya mawe, chuma cha pua, kemikali. Mwanafunzi mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyosha kidole. Nikafurahi, nikidhani ana swali juu ya makaa ya mawe. Akasimama akasema, "Mwalimu, babu anasema mbayuwayu wakiondoka sasa hawaendi kufa, wanakwenda kwao. Kwao ni wapi?" Darasa likacheka. Nikamwambia, "Hilo haliko katika muhtasari. Kaa chini." Akakaa. Sikumbuki kama aliwahi kuuliza swali jingine.

Aliporudi kwao mtoto wa Kiingereza, nilikwenda maktaba ya chuo kutafuta jibu, na nikakuta kwamba swali la mwanafunzi wangu lilikuwa limewashinda wakubwa wa dunia kwa zaidi ya miaka 2,000. Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni majira ya baridi, na kwamba ndege wa aina fulani hugeuka kuwa robini baridi inapoingia. Mwaka 1555 askofu Olaus Magnus wa Sweden aliandika kwamba mbayuwayu hujikusanya na kuzama maziwani, wakalala chini ya barafu, na wavuvi huwanasa kwa nyavu. Katika karne ya 17 msomi mmoja Mwingereza, Charles Morton, alihoji kwamba huruka hadi mwezini. Hata kasisi Gilbert White wa Selborne, aliyetazama ndege wa uani kwake kwa makini kuliko mtu yeyote wa zama zake, alichapisha kitabu chake mwaka 1789 akiwa bado hana hakika kama mbayuwayu wote husafiri au wengine hulala mafichoni.

Kilichoanza kufungua fumbo ni mkuki wa Mwafrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, korongo mweupe mmoja alipigwa risasi, akakutwa ana mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi umepenya shingoni. Mti wake ulikuwa wa Afrika ya kati. Ndege yule alikuwa ameruka nao hadi Ulaya. Amekaushwa, na bado yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock. Jina la aliyeurusha mkuki ule halikuandikwa popote. Alitaka kitoweo, akakikosa, na pasipo kujua akawapa wasomi jibu walilolitafuta tangu Aristotle.

Halafu wakaja walimu. Hili ndilo lililonifanya nivue miwani nikae kimya maktabani. Mwaka 1899, mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, aitwaye Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha kwezi pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika duniani kote hadi leo. Katika miaka ya 1930, David Lack, mwalimu wa shule ya Dartington kule Devon, akiwa na pete za rangi aliwafuatilia robini wa eneo la shule yake, akaonyesha kwamba wimbo ule mtamu wa majira ya baridi si wa furaha bali ni wa mpaka: ndege anatangaza shamba lake, na majike nao huimba kulinda mashamba yao. Kitabu chake juu ya robini kilitoka mwaka 1943.

Na mbayuwayu? Tarehe 6 Mei 1911, wakili John Masefield wa Cheadle, wilaya ya Staffordshire, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota barazani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja huko Natal, Afrika ya Kusini, na barua ikaandikwa kuelekea Uingereza. Gramu 20 za nyama na manyoya zilikuwa zimevuka bahari, jangwa la Sahara na misitu ya Kongo. Kutoka Cheadle hadi kwenye dirisha la bibi hakukuwa mbali.

Nilimweleza yule mtoto nilipomwona tena. Nikamweleza pia niliyokuja kuyajua baadaye kidogo, kwamba mbayuwayu wa Uingereza wengi hupitiliza hadi kusini kabisa mwa Afrika, hali wale wanaojaa kwetu aghalabu hutoka Ulaya ya mashariki na Urusi. Lakini habari ni moja. Majira yao ya baridi ni majira yetu ya mvua. Ua wa bibi ulikuwa nusu mtupu kwa sababu nusu nyingine ilikuwa kwetu, ikila kumbikumbi.

Nilirudi nyumbani Septemba 1982. Ningependa kusema kwamba nilibadilika mara moja, lakini ningekuwa mwongo. Kulikuwa na mitihani, madawati, vyoo vya shule, na baadaye nikawa mkuu wa shule, na mkuu wa shule hutazama dirishani ili aone nani amechelewa. Ni nilipohamia chuo cha ualimu ndipo nilipoanza, mara moja kwa mwaka, kuwatoa wanachuo nje kwa saa moja na daftari tupu, wahesabu kwa kanuni ya yule mtoto. Wengine walidhani mzee amechoka. Wachache waliniandikia baadaye kwamba nao wanafanya hivyo na watoto wao darasani. Wachache hao wananitosha.

Nilistaafu mwaka 2010. Mama Neema alifariki miaka minne iliyopita, na asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapopenya hadi mifupani, nyumba huwa kimya kuliko nilivyojua nyumba inaweza kuwa. Kwetu hakuna theluji, na kinachowaua ndege wakati huo si baridi bali ukavu. Kwa hiyo sitoi karanga. Naweka maji katika karai kuukuu chini ya mkwaju, kisha nakaa na kikombe changu cha uji. Wanakuja shomoro, tetere, chiriku, na kwezi ambao wangewafahamu ndugu zao wa Uingereza kwa ugomvi tu. Hata kweleakwelea wanakuja. Adui zangu wa zamani wanakunywa maji yangu, nami nawatazama. Sasa nayaelewa maneno ya bibi: nina kidogo, na ninawaona.

Mvua zikikaribia, naandika daftarini siku ya kwanza ya kumwona mbayuwayu, na mwezi wa Aprili siku ya mwisho. Mjukuu wangu ndiye mwenye macho, mimi naandika.

Limebaki deni moja. Miji ya bonde la Ruhr bado naikumbuka yote kwa mpangilio. Jina la yule mwanafunzi wa dirishani silikumbuki, wala sura yake. Kama yu hai, amepita miaka 60, na huenda naye ana wajukuu wanaouliza maswali. Basi akikutana na kitabu hiki, hili ndilo jibu lake, limechelewa karibu miaka 50: babu yako alisema kweli. Hawaendi kufa. Wanakwenda kaskazini, ng'ambo ya jangwa na bahari, kwenye mazizi na vibanda vya watu wa huko, wakatage mayai theluji ikishayeyuka. Kwao ni huko, na kwao ni hapa. Simama, mwanangu. Swali lako lilikuwa zuri.